Baba Yuko Nyota Gani?

Mazungumzo ya jioni kutoka redioni, yamechapishwa hapa kwa ajili ya wale waliokikosa kipindi

 

Katika barua tulizozipokea majuma haya iko moja ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja. Imetoka kwa mama mmoja anayekaa upande wa Langas. Mume wake alifariki mwaka juzi. Siku ya mazishi, watu wenye nia njema walimwambia mwanawe mdogo kwamba baba amekuwa nyota, na kwamba kila usiku anamtazama kutoka juu. Mtoto akalishika neno lile. Jioni zisizo na mawingu alikuwa akitoka nje, akichagua nyota moja na kuisalimu. Basi hivi karibuni kaka yake aliye shule ya sekondari alileta habari nyumbani kwamba ulimwengu unapanuka, na kwamba vitu vilivyo mbali angani vinazidi kwenda mbali. Tangu siku hiyo mtoto hatoki nje tena. Amemwuliza mama yake maswali matatu, naye mama ameyaandika kama alivyoyasikia. Baba yuko nyota gani? Roketi ilipokwenda mwezini, ilimpita? Na kama mbingu zinapanuka, je, baba anazidi kwenda mbali?

Mwishoni mama ameongeza swali lake mwenyewe. Mzee mmoja alimshauri amnyamazishe mtoto, kwa sababu kuulizauliza habari za juu ni kukosa imani. Naye anatuuliza, je, amnyamazishe?

Mama yetu, usimnyamazishe. Twamheshimu mzee huyo, na pengine alitaka tu kuilinda nyumba yako na masumbufu. Lakini watu wa Biblia walikuwa wakitazama juu na kuuliza. Daudi, aliyekuwa amezoea kulala nje pamoja na kondoo, aliutazama mwezi na nyota akashangaa ni kwa vipi mtu mdogo kama yeye apate kuhesabiwa katikati ya vitu vikubwa namna hiyo. Mshangao wake umo katika Zaburi ya 8. Amosi alikuwa mtu wa mifugo kama wengi wetu hapa Uasin Gishu, naye azitaja nyota kwa majina. Kitabu cha Ayubu nacho chazitaja. Na wale waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walipolifikia lile fungu la nyota ndogo zilizosongamana, hawakuhangaika kutafuta neno la kigeni. Waliandika Kilimia, jina ambalo Waswahili walikuwa nalo tangu zamani, nalo latokana na kulima, kwa kuwa mkulima alizitazama nyota hizo ili ajue majira ya shamba. Basi mtoto anayetazama juu na kuuliza yuko katika kundi jema.

Kabla hatujafika kwenye roketi, tuutazame kidogo mwezi wenyewe, kwani barua nyingine mbili zauliza kwa nini mwezi mchanga wa kwetu hulala chali kama mtumbwi, hali katika kalenda zilizochapwa Ulaya umesimama wima kama mundu. Swali hili ni zuri, na jibu lake laweza kuonekana kwa macho bila darubini yoyote.

Mwezi hauna nuru yake mwenyewe. Upande ung'aao ni ule unaolielekea jua. Sasa, mji wetu wa Eldoret uko karibu kabisa na Ikweta, kama nusu digrii tu kuelekea kaskazini. Mahali kama hapa jua huzama likishuka moja kwa moja, kama jiwe linaloangushwa kisimani, ndiyo maana giza letu huingia upesi. Mwezi mchanga hulifuata jua karibu katika njia ile ile. Kwa hiyo jua likiisha kuzama huwa liko chini ya mwezi, nao mwezi hung'aa upande wa chini, pembe zake zikitazama juu kama pembe za ng'ombe. Huko London jua huzama kwa kuteleza upande, na mwezi huangazwa kutoka ubavuni. Mtoto wa hapa akichora mwezi mchanga kama bakuli, tafadhali walimu, msimsahihishe. Amechora alichokiona.

Tena mtumbwi huo hauketi sawasawa mwaka mzima. Karibu na Juni na Desemba hulala wima wake, lakini karibu na Machi huinamia upande mmoja, na karibu na Septemba upande wa pili. Wako wasemao kwamba mwezi ukiinama humwaga maji, mvua ikanyesha. Sisi hatuwacheki. Waliona jambo la kweli, kwa maana mwezi wa Machi huinama, na muda si mrefu baadaye wakulima wetu wanapanda mahindi. Ila mwezi haumwagi kitu. Mwinamo ule na mvua ile vyote viwili vyafuata safari ya jua ya mwaka mzima, kaskazini na kusini ya Ikweta. Wazee walishika majira vizuri, hata kama sababu ilikuwa nyingine. Wasisahauliwe pia kwa jambo hili: kwa Kiswahili mwezi wa juu na mwezi wa kalenda ni neno moja, na kwa Kikalenjin vivyo hivyo, *arawet* ni huo wa angani na ni hizo siku za kuhesabu. Walihesabu maisha yao kwa kutazama juu.

Na wale walioogopa Jumapili ile ya tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipokuwa mwekundu kuanzia saa mbili na nusu mpaka karibu saa nne usiku, watulie. Dunia yetu ilipita katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake kikaufunika mwezi. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliochujwa na hewa ya dunia ukapinda kidogo mpaka ukaufikia mwezi, ni wekundu ule ule wa machweo. Haukuwa damu, wala haukuwa na ujumbe kwa mama mjamzito.

Sasa twende mwezini. Umbali wa kutoka hapa mpaka huko ni kama kilomita 384,400. Fikiri kwamba unapanda matatu kutoka Eldoret kwenda Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 310. Ungefanya safari moja kila siku, bila kupumzika hata siku ya Bwana, ungetumia zaidi ya miaka mitatu ndipo ufike mwezini. Kurudi ni miaka mitatu mingine. Wale Wamarekani watatu, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, walifika kwa siku nne hivi. Chombo chao kilitua tarehe 20 Julai 1969, siku ya Jumapili, na hapa Kenya ilikuwa saa tano na dakika 17 usiku. Armstrong alipoukanyaga udongo wa mwezi, kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili alfajiri ya Jumatatu, na bila shaka akina mama wengi wa Uasin Gishu walikuwa wanakama ng'ombe wakati huo huo.

Je, walimpita Mungu njiani? Swali hili si la mtoto wa Langas peke yake. Yuri Gagarin alipoizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, wakubwa wa nchi yake, Urusi ya Kisovieti, walidai kwamba hakumwona Mungu huko juu. Sisi twaona dai lile lilikuwa la ajabu. Chombo chake kilipanda juu kabisa kama kilomita 327, yaani safari ambayo haikuizidi sana ile ya matatu kutoka hapa mpaka Nairobi. Mtu akienda Nairobi asimkute jamaa yake, hawezi kurudi nyumbani na kutangaza kwamba jamaa huyo hakuzaliwa.

Buzz Aldrin alikuwa mzee wa kanisa la Presbyterian katika mji wake. Akiwa ndani ya chombo mwezini, kabla hawajatoka nje, aliwaomba wote waliokuwa wakisikiliza wanyamaze kidogo na kushukuru, kila mtu kwa namna yake. Kisha, kimya kimya, akatoa mkate kidogo na divai kidogo alivyokuja navyo kutoka kanisani kwake, akashiriki Meza ya Bwana. Hakuvuka kilomita laki tatu na themanini ili amfikie Mungu. Alimkuta huko huko alikofika, kama alivyomwacha kule alikotoka. Mwandishi wa Zaburi ya 139 alikuwa amekwisha kulisema neno hilo kwa njia yake: apande juu kabisa au ashuke chini kabisa, humkuta Mungu ametangulia.

Hapa yafaa tuseme jambo moja ambalo litamfurahisha mtoto, maana amelikaribia bila kujua. Mwezi wenyewe kweli unatuacha. Armstrong na Aldrin waliweka juu ya mwezi kioo cha namna ya pekee, na wenzao wa safari mbili za mwaka 1971 wakaweka vingine. Wataalamu huvipiga vioo hivyo kwa mwali wa mwanga kutoka duniani, mwali hurudi, nao huhesabu muda uliotumika. Hivyo wamejua kwamba mwezi unasogea mbali nasi kama sentimita 3.8 kila mwaka, karibu sawa na kasi ya kucha za vidole zinavyokua. Sababu yake ni ule mvutano ambao ndugu zetu wa Mombasa wauona kila siku, maji yakijaa na kupwa. Ni hesabu ndogo mno, na haihusiani kabisa na kupanuka kwa ulimwengu.

Basi tuingie kwenye nyota, ambako uchungu wa barua hii uko.

Jua ni nyota. Liko karibu, ndiyo sababu ni kubwa machoni petu, na hata hivyo mwanga wake hutumia dakika nane na zaidi kutufikia. Nyota nyingine ni majua yaliyo mbali, matanuri ya gesi iwakayo. Nyota iliyo karibu zaidi nasi baada ya jua iko mbali hata mwanga wake hutumia zaidi ya miaka minne njiani, na mwanga ndiyo mwendo wa kasi kuliko yote tujuayo. Kwa macho matupu, usiku wa giza, mtu aweza kuona nyota elfu chache. Sisi wa Ikweta tumependelewa, kwani katika mwaka mmoja tunaziona karibu zote, za kaskazini na za kusini, hali mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini maisha yake yote asiposafiri. Lakini ule ukanda mweupe unaokatiza angani usiku ni nyota nyingine zisizotengana machoni petu, zaidi ya bilioni 100, nasi tumo ndani ya kundi hilo pamoja na jua letu. Kundi kubwa la namna hiyo wataalamu huliita galaksi. Na magalaksi yako mengi sana.

Kenya imo katika habari hizi kuliko wengi wajuavyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku nchi yetu ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Walipachagua mahali pale kwa kuwa pako karibu na Ikweta, ambako dunia yenyewe hukisukuma chombo, ikizunguka kwa mwendo wa kilomita kama 1,670 kwa saa. (Naam, nasi pia tumo katika mwendo huo, wakati huu tulipoketi!) Roketi ile ilibeba chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta miali ya eksirei inayotoka angani, miali ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Kwa heshima ya siku ile chombo kikaitwa Uhuru. Neno letu la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Na Uhuru iliona nini? Iliona kwamba mbingu si tulivu kama zionekanavyo kutoka uani. Zilionekana nyota zilizokufa zikinyonya gesi ya nyota jirani. Mahali pamoja, panapoitwa Cygnus X-1, paligunduliwa kuwa na kitu kizito kisichoachilia hata mwanga utoke, ambacho sasa huitwa shimo jeusi. Yaani nyota nazo huzaliwa, hula kuni zao, na kufa.

Ndiyo sababu, mama, twakusihi kwa upole: usiendelee kumwambia mwanao kwamba baba yake ni nyota. Waliomwambia walimpenda, hilo hatulikani. Lakini walimpa kitu kisichoweza kubeba uzito wake. Nyota ni tanuri, haioni mtu wala haimjui mtu. Siku moja mwalimu wa sayansi atalisema hilo darasani, na mtoto atafiwa na baba yake mara ya pili. Karibu limekwisha kutokea, si ndiyo? Kaka yake alisema neno moja la kweli kuhusu ulimwengu, na mtoto akaacha kutoka nje.

Twende sasa kwenye neno lenyewe lililomtisha. Ni kweli, ulimwengu unapanuka. Mwaka 1927 padre mmoja wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alionyesha kwa hesabu kwamba yapasa iwe hivyo, na mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyozidi kutuacha kwa kasi. Lakini hakuna aliyesema kwamba sisi ndio tuko katikati na kila kitu kinatukimbia.

Mama anayekaanga mandazi ataelewa upesi kuliko mwanafunzi wa chuo. Chukua unga wa ngano, kande vizuri, tia hamira, kisha changanya humo zabibu kavu chache. Funika donge lako, uliache mahali penye joto. Likiumuka, kila zabibu itakuwa mbali zaidi na zabibu nyingine zote. Zabibu yoyote ungeweza kusema, "Wenzangu wananikimbia!" Nayo iliyo mbali sana itaonekana kukimbia upesi zaidi, kwa kuwa kati yake nawe kuna unga mwingi zaidi unaoumuka. Hakuna zabibu iliyo mfalme katikati. Tena hakuna zabibu inayotembea. Ni unga wenyewe unaoongezeka kati yao.

Angalia tena jambo moja, kwa maana ndilo jibu la swali la tatu. Zabibu zenyewe haziumuki. Zimeshikamana, hubaki kama zilivyotiwa. Ndivyo ilivyo juu. Galaksi yetu imeshikwa na mvutano wake, nayo haipanuki. Jua haliendi mbali nasi kwa sababu hiyo, wala Kilimia, wala nyota hata moja katika zile ambazo mtoto huyu amewahi kuzisalimu. Zote tuzionazo kwa macho ni za nyumba yetu wenyewe. Hata galaksi kubwa iliyo jirani yetu, Andromeda, ambayo usiku wa giza wa Novemba huonekana upande wa kaskazini kama ukungu mdogo, haitukimbii. Inatujia! Mwanga wake umetumia miaka ipatayo milioni mbili na nusu njiani, nayo yakaribia kwa mwendo wa kilomita kama 110 kila sekunde, ingawa hatuna haja ya kumngojea mgeni huyo mlangoni. Kupanuka huonekana katika umbali mkubwa kuliko huo, na huko nako wataalamu wangali wanabishana. Wengine wapata kilomita 67 kwa sekunde na wengine 73, kwa kila umbali wa mwendo wa mwanga wa miaka milioni 3.26. Mwaka 1998 waligundua pia kwamba kupanuka huko kunaongezeka kasi, na sababu yake bado inatafutwa.

Wakirudisha hesabu nyuma wapata kwamba yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita vyote vilikuwa vimesongamana katika joto lisiloelezeka. Hapo kuna kisa ambacho sisi watu wa redio twakipenda sana. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa huko New Jersey wakitumia antena kubwa yenye umbo la pembe. Walisikia mvumo mdogo usiokwisha, mchana na usiku, popote walipoielekeza. Walifikiri ni hitilafu ya mitambo. Kisha wakakuta njiwa wamefanya makao ndani ya antena na kuipaka mavi. Wakawaondoa njiwa, wakasugua kila mahali, wakasikiliza tena. Mvumo ulikuwa pale pale! Ulikuwa ni mabaki ya joto la mwanzo ule, lililopoa mpaka kama digrii 270 chini ya sifuri, nalo limeenea kila upande wa anga. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kuhusu njiwa hatuna la kuongeza.

Wako Wakristo wanaoogopa habari hizi, na wako wengine wanaozirukia haraka, wakisema sayansi imethibitisha Mwanzo sura ya kwanza. Sisi twapenda mfano wa yule padre Lemaître, ingawa hakuwa wa upande wetu. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipozungumza kana kwamba nadharia ile ni ushahidi wa uumbaji, Lemaître mwenyewe hakupendezwa. Alijua hesabu za wanadamu hubadilika, na hakutaka imani ya watu ifungwe kwenye nguzo ya hesabu. Tena alikuwa amezifanya hesabu hizo yeye mwenyewe, na bado aliendelea kuwa mtu wa sala.

Sehemu ya taabu yetu, wasikilizaji wapenzi, imo katika lugha. Kwa Kiswahili twasema mbingu tukimaanisha anga lenye mawingu na nyota, na twasema mbinguni tukimaanisha aliko Mungu. Neno ni moja. Basi mtoto asikiapo kwamba baba yuko mbinguni, naye kaka asemapo mbingu zinapanuka, afanye nini ila kuyaunganisha? Sulemani alikuwa amekwisha kuligusa jambo hili. Siku ya kulizindua hekalu, katika 1 Wafalme sura ya 8, alikiri mbele ya taifa lote kwamba hata mbingu zilizo juu ya mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile ya mawe. Ikiwa mbingu hazimtoshi, basi hazimbebi kama kiti kinavyombeba mtu. Haketi juu ya nyota fulani, ili nyota ikisogea naye asogee. Wala waliolala katika Bwana hawako mahali ambapo kipimo cha kilomita chaweza kufika. Paulo akiwaandikia Wafilipi aeleza kifo kuwa ni kwenda kukaa pamoja na Kristo. Amemtaja aliye naye, hakutaja nyota.

Mtu aweza kuuliza: katika ulimwengu mkubwa hivi, Mungu atamkumbukaje mjane mmoja wa Langas? Fungueni Zaburi ya 147. Aya ya tatu yahusu waliovunjika moyo, na Mungu akiwa kama mwuguzi anayefunga kidonda kwa kitambaa. Aya ya nne, bila hata kuvuta pumzi, yahusu hesabu ya nyota na majina yao. Mwandishi hakuona haja ya kuweka daraja kati ya aya hizo mbili. Kwake ilikuwa kazi ya mkono mmoja, na tena alianza na kidonda.

Kwa hiyo, mama, fanya hivi. Ngoja mawingu yaondoke. Januari anga letu huwa safi. Mfunge mwanao shuka zito, kwa maana huku juu, mita zipatazo 2,100 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Januari hauna huruma. Tokeni nje kati ya saa mbili na saa tatu. Elekezeni uso upande wa milima ya Cherangani, kisha inueni macho mpaka karibu na utosi, mtaona kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana kama vifaranga. Hicho ndicho Kilimia. Wengi huhesabu sita, mwenye macho makali saba. Mwambie kwamba mwanga unaoingia machoni mwake usiku huo uliondoka huko miaka ipatayo 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kuijenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593. Mwambie nyota hizo hazimkimbii. Mwambie pia kwamba baba si mojawapo, ila Yeye azijuaye kwa majina amjua na baba kwa jina. Akiuliza tena, mjibu tena. Na akiuliza lisilojibika, mwambie mtauliza pamoja. Kaka yake naye awepo, aeleze yale ya shuleni, maana hakutenda kosa lolote.

Kama akitaka kuendelea kusalimu, mwache asalimu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaisoma barua ya kijana mmoja wa Iten aliyeona kimondo akiwa katika mbio za alfajiri, naye auliza kama yafaa mtu kukiombea. Mpaka hapo, ninyi nyote mlio nyumbani na mlio kazini, usiku mwema.